Watoto wa Mtongwe wavuke wakaone kazi za bandari, tuchangeni jamani

Assalam aleikum, bwana asifiwe, habari zenu wazazi, majirani na nyinyi nyote mliosoma hapa mkaenda zenu mbali. Ni mimi mwenyekiti wa wazazi wa gredi 5 na 6. Leo sikuja na habari za madirisha wala vyoo, hayo mlishatusaidia tukamaliza na Mungu awalipe, leo nina jambo linanikosesha usingizi tangu muhula uliopita.

Mwalimu wa gredi 6 aliwapa watoto karatasi wachore kazi wanayotaka kufanya wakiwa wakubwa, halafu akaniletea nizione. Daktari, polisi, mwalimu, rubani wa ndege, daktari tena, mchezaji mpira, polisi. Darasa zima, na nilipohesabu kazi zenyewe hazikufika kumi. Na ukisimama kwa dirisha la darasa hilohilo unaona ng'ambo yote ya Kilindini, bandari yetu ya Mombasa, zile kreni ndefu, makontena yamepangwa kama masanduku ya kibiriti, meli imefunga gatini, tagi, zile boti za kuvuta meli, zinapita zinatoa moshi. Hakuna mtoto hata mmoja aliyechora kreni! Kuna kijana mmoja pale babake ni operata wa kreni miaka mingi, nikamuuliza, mwanangu babako hufanya kazi gani? Akaniambia yuko bandari. Anafanya nini huko bandari? "Huenda asubuhi akarudi usiku." Basi, hapo ndipo ilipoishia.

Simlaumu mtoto wala babake, mtu akirudi saa tatu usiku amechoka hakai kusimulia kazi. Lakini niliumia.

Siku ile nikakaa nao nusu saa nikawaambia, nyinyi mliochora rubani wa ndege, mnajua hata meli zina rubani? Wakacheka wakidhani nawatania. Nikawaeleza, wazee wetu walikuwa wakisema rubani wa bahari kabla ndege hazijaonekana huku kwetu, na mpaka leo meli kubwa ikifika huko nje haiingii hivihivi, anatoka rubani na boti ndogo, anapanda ngazi ya kamba ubavuni mwa meli na meli yenyewe inatembea, anaenda kusimama na nahodha anamwambia pinda hapa, punguza mwendo, manake yeye ndiye anajua maji ya huku, wapi kuna kina na wapi kuna mwamba. Msichana mmoja wa nyuma, yule huwa hasemi kitu darasani, akainua mkono akauliza, "kwani nahodha hajui njia?" Nikamjibu nilivyoweza, akauliza tena, na tena, mpaka kengele ikalia bado ana swali. Huyo mtoto anataka kujibiwa na rubani mwenyewe, mimi nauza vifaa vya umeme tu, nimefika mwisho wa elimu yangu.

Na haraka yangu ina sababu. Mnajua mambo ya CBC, huu mtaala wa shule zetu, mtoto akimaliza gredi 9 anachagua njia ya kufuata sekondari ya juu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu, au sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Wale wa kwanza kabisa wameingia gredi 10 mwezi wa Januari 2026 na tuliona wazazi wengi walivyohangaika, mtoto anaulizwa unataka njia gani anamwangalia mamake, mamake anamwangalia mwalimu. Siombi mtoto wa miaka kumi na moja achague kazi sai, hapana, hata akibadilisha mara ishirini ni sawa. Nataka tu siku akiulizwa awe ameshaona kwa macho yake mtu anachomelea chuma, mtu anakagua mzigo wa forodha, mtu anapima maji kwa maabara, mama anaendesha foko lifti, na amewauliza walifikaje hapo na walisomea nini.

Mwaka jana tulijaribu, wengine mnakumbuka. Tulichanga kidogokidogo tukakodi basi moja la bei rahisi, watoto wakaja saa kumi na mbili asubuhi sare zimepigwa pasi na viatu vinang'aa, basi likaharibika njiani hata shule halijafika. Walikaa chini ya mwarobaini mpaka saa nne wakila maandazi waliyobeba, halafu tukawarudisha darasani. Sitaki kuiona tena ile siku.

Kwa hivyo mara hii tunapanga vizuri. Watoto ni 94. Mabasi mawili ya uhakika shilingi 24,000, chakula na maji shilingi 100 kila mtoto hiyo ni 9,400, na siku ya pili wageni wanakuja shuleni kwetu, hema, viti na spika 8,600. Jumla 42,000. Mkononi tuna 13,500, walimu wenyewe wametoa humo, sasa bado 28,500. Barua ya kuomba kuingia bandarini imeshapelekwa tunangoja jibu, na kama watatukatalia kwa ajili ya usalama wa watoto, tutawapeleka stesheni ya SGR kule Miritini wamuone dereva wa treni na mafundi, pesa haitakaa bure.

Hamsini yako ni maji ya mtoto, usione haya kuituma. Namba ya kutuma iko kwa kundi letu la WhatsApp na imebandikwa mlangoni kwa mwalimu mkuu, tafadhali msitume kwa namba nyingine yoyote hata mkiambiwa ni mimi. Kila Ijumaa mweka hazina anaweka orodha wote tuione.

Na nyinyi mlio Dubai, Doha, Muscat, na mabaharia mlio melini huko, pesa tunataka ndio lakini rekodini pia dakika mbili za video mkiwa kazini, muwaambie watoto ukweli, kazi yenu ni gani, ngumu wapi, mlianzia wapi. Wazazi wa hapa, siku ile ya pili njooni na vifaa vyenu, fundi cherehani, fundi wa boti, nesi, askari wa Navy, dereva wa matatu, wote. Mama mmoja anayekaanga samaki pale stegi aliniuliza kama hata yeye anafaa, nikamwambia wewe ndiye wa kwanza, hao watoto hawajui unavyopiga hesabu ya mafuta, kuni na bei ya samaki alfajiri kabla jua halijatoka. Ameshakubali, na amesema atakuja na mizani yake.