Mama Ilham, nisomee hili tangazo kabla ya Ijumaa

Kimara, Jumanne usiku

Shoga yangu Mama Ilham,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, watoto hawajambo, joto ni lilelile na mgao wa maji ni uleule. Najua umeninunia kwa kukaa kimya tangu harusi ya mdogo wake Tatu. Endelea kununa baadaye, sasa hivi nina shida na wewe.

Bosi ameniagiza niandike tangazo, Ijumaa libandikwe getini: atakayekutwa amelewa au anatumia kitu chochote, kazi hana, hapo hapo. Anataka mstari mmoja tu. Kisa ni Mjomba, yule fundi wetu wa mabasi.

Usishtuke, hajafa. Wiki iliyopita basi la Tunduma lilikuwa linatoka na nati za gurudumu la nyuma hazijakazwa. Aliyeligundua ni utingo, tena alikuwa kaenda nyuma ya basi kukojoa, akapitisha mkono tu. Mungu mkubwa. Hapo simtetei mtu, maana lile basi lilikuwa limejaa na watoto wamepakatwa.

Lakini dirisha langu linatazama shimo la gereji, na mimi naona. Mjomba anafika asubuhi kabla ya wote. Anashika nati, mkono unatetemeka, nati inaanguka shimoni. Anashuka, anaiokota, anapanda, inaanguka tena. Saa mbili anapotelea kwa mama supu. Akirudi, mkono umetulia kama wa fundi saa. Wenzake wanacheka: "Mjomba kajaza mafuta!" Kwa hiyo, shoga, asipokunywa ndiyo hawezi kazi kabisa, na bosi anasema aache leo leo, "akaze roho". Nikamwambia yale uliyonieleza wewe, kwamba mlevi wa miaka akikata ghafla anaweza kuanguka kifafa, akaona vitu visivyokuwepo, hata akafa, na kwamba huachishwa madaktari wakimwangalia. Akanijibu hizo ni stori za manesi. Samahani, nimemnukuu tu.

Na hii hakuanza nayo. Unaikumbuka ile ajali yetu? Waliotumwa na breki dauni kulivuta basi, Mjomba alikuwemo. Walilirudisha usiku. Asubuhi aliyepewa ndoo na brashi asugue viti ni yeye. Hakuna aliyemkalisha chini kumuuliza umelalaje. Jumatatu yake akapewa basi jingine alitengeneze. Mimi nadhani mzigo wote umeanzia kwenye ile ndoo, ila nikilisema hilo ofisini naambiwa mwanaume halii kwa sababu ya viti.

Halafu tangazo lenyewe litamkamata nani? Madereva, tangu mabasi yaruhusiwe kutembea usiku 2023, ratiba ya kwetu imekuwa ya kuua. Mtu anafika, analala kidogo kwenye buti, anageuza. Ili asisinzie anatafuna mirungi, na akifika usingizi umekataa, anatafuta kichupa cha kumlaza. Serikali ilipiga marufuku viroba vya pombe Machi 2017, kiu haikuondoka navyo. Na mwisho wa mwezi hesabu ikifika anapotaka bosi, nani ananunua kreti za bia zinazonywewa palepale uani? Mkono huohuo unaoniamuru niandike "kazi hana". Niliuliza kama kreti nazo ziwemo kwenye tangazo. Hakucheka.

Nimeipekua Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Likizo ya ugonjwa ni siku 126 ndani ya mzunguko wa miezi 36: 63 za kwanza mshahara kamili, 63 zinazofuata nusu. Inataka cheti cha daktari. Haikusema malaria wala kisukari, imesema ugonjwa. Na ukimtimua mtu kienyeji ana siku 30 za kwenda CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kulalamika. Kwa hiyo nimeandika karatasi ya pili, ya kwangu: anayeonekana hayuko sawa hagusi basi siku hiyo, hilo halina mjadala, awe fundi awe dereva. Lakini atakayejitokeza mwenyewe aseme "nimezidiwa", anapelekwa hospitali, nafasi yake inamsubiri, na habari zake zinaishia kwangu. Bosi hapo kwenye "zinaishia kwangu" ndipo alipokwama. Anataka orodha ya majina. Orodha hiyo ikiandikwa itafika kwa mama supu kabla ya chai, na hakuna atakayejitokeza tena.

Mjomba nimeongea naye, pembeni, kwenye matairi mabovu. Alikataa, akanyamaza, mwisho akasema yuko tayari, ila nisiitaje Mirembe, hiyo hospitali ya akili ya Dodoma, mbele za watu. Unajua watu wetu, ukisema Mirembe tayari mtu ameshaokota makopo. Kwao ni Kondoa, kwa hiyo Dodoma atakuwa na dada yake jirani.

Sasa nijibu vizuri, moja moja. Hapo Itega, kituo cha waraibu cha Mirembe, wanampokeaje mtu? Anakuja mwenyewe tu au lazima barua ya rufaa? Dada yake awepo siku ya kwanza? Au nianzie Muhimbili hapahapa? Na wakati anasubiri, nimwambie asinywe au anywe kidogo kidogo? Hili linanitisha kuliko yote. Cheti kinaweza kuandikwa bila kutangaza ugonjwa wenyewe? Na hiyo karatasi yangu, ungekuwa wewe ndiye Mjomba, ungeisoma ukaja kwangu, au ungeona ni mtego? Nimekupigia picha, inakuja. Kata kata popote, usinionee haya.

Tuma sauti ukitoka zamu. Mchana usipige, bosi amehamia mezani kwangu maana kiyoyozi chake kimekufa. Baba Ilham msalimie sana. Hela ya vitenge mwisho wa mwezi, safari hii kweli.

Wako,
Mama Juni