Risala ya Wakazi wa Nyalenda kwa Mgeni wa Heshima Kuhusu Mitaro ya Maji ya Mvua

Mheshimiwa mgeni wetu wa heshima, Mheshimiwa mwakilishi wa wadi, Chifu na wazee wa mtaa, walimu mliotuazima uwanja huu, akina mama, akina baba, na vijana wetu wa bodaboda na mikokoteni, hamjamboni.

Kwa niaba ya kikundi chetu cha kuzibua mitaro, nakukaribisha Nyalenda, mtaa wetu hapa Kisumu. Umekuja siku kavu. Tunafurahi kwa ajili ya viatu vyako, ingawa kuna waliokuwa wakiomba inyeshe kidogo tu, ili risala iwe fupi.

Kikundi hiki kilianza na sepetu tatu na karai moja. Kila Jumamosi asubuhi tunashuka mtaroni kuzoa tope. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku 2017, mifuko imepungua, hilo tumeliona kwa macho. Siku hizi tunaopoa chupa za soda, nguo kuukuu na nepi za watoto. Mheshimiwa, hatutakudanganya: nepi hizo hazikuletwa na mafuriko. Ni zetu.

Lakini hata tungezoa kila siku, bado tungelala majini. Mvua ikipiga vilima vya Kajulu na Riat huko juu, maji hushuka kwetu hata kama hapa jua linawaka. Hapa ardhi ni tambarare, na udongo wetu mweusi ukishashiba haunywi tena. Njia ya maji ni Mto Auji, na Auji unategemea Ziwa Victoria liupokee. Ziwa lilipofura Mei 2020, na tena Mei 2024, mto ulikosa pa kumwaga, maji yakarudi nyuma kututafuta. Wazee hapa husema Ziwa Victoria lenyewe lina mlango mmoja tu wa kutokea, kule Jinja. Basi lina nafuu, kwa sababu sisi hatuna hata huo mmoja.

Maji yakiingia nyumbani, kitanda hupandishwa juu ya matofali, magodoro juu ya kabati, watoto juu ya magodoro. Mama anayeuza omena hupoteza mtaji wote usiku mmoja, maana omena iliyolowa haianikwi mara ya pili ikauzika. Hayo tumeyazoea, Mungu atusamehe kwa kuyazoea. Tusiloweza kulizoea ni choo cha shimo kufurika wakati kisima kifupi kiko hatua chache upande wa chini. Maji yakishakauka, ndipo watoto huanza kuharisha, na kila mzazi hapa akisikia neno kipindupindu moyo humruka.

Mheshimiwa, katika mikutano ya kutoa maoni tumeelezwa kwamba pesa hazitoshi kufanya yote. Kuna wanaopendelea kaunti ianze na mitaro ya saruji kando ya barabara za juu, na kuna wanaosema mkondo wa chini upanuliwe kwanza. Ombi letu ni moja: anzeni chini, kwenye mdomo wa mto, mpande nao kuja juu.

Tuna sababu. Miaka kadhaa iliyopita barabara moja ya juu ilitengenezwa vizuri, ikawekwa mitaro iliyonyooka kama rula. Mkandarasi alipofika konani petu akakomea hapo, akapakia mashine zake akaenda. Maji yaliyokuwa yakitambaa kila upande yakakusanywa pamoja na kuelekezwa mlangoni kwetu. Huko juu kalavati ni pana. Huku chini ni nyembamba kiasi kwamba tairi la lori likiingia limeziba. Aliyeuona mtaro ule siku ya uzinduzi alipiga makofi. Sisi tulikuwa tunatafuta matofali.

Kuna jambo gumu ambalo si heshima kulificha. Kupanua Auji kutagusa nyumba. Mimi ninayesoma hapa, jiko langu liko karibu mno na ukingo, na najua. Tunaomba mpaka wa mto upimwe na kuwekwa alama mapema, tuambiwe mchana, kwa maandishi, na mpangaji asikilizwe pia, si mwenye ploti peke yake. Trekta isije alfajiri.

Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, iliwapa kaunti kazi ya kusimamia maji ya mvua katika sehemu zilizojengwa, ndiyo maana tunakusomea wewe. Na kwa sheria, makadirio ya bajeti hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili. Mwezi huo, Mheshimiwa, sisi huwa tumevaa gamboti. Tunaomba maoni yetu yachukuliwe Januari, watu wakiwa bado wana pa kuketi. Tena pesa ya kuzibua itengwe kila mwaka pamoja na ile ya kuchimba. Mtaro mpya bila sepetu, tope la masika mawili linautosha.

Chai iko tayari, lakini kwanza tunakuomba utembee nasi hadi kwenye kalavati ile nyembamba. Si mbali, ni nyuma ya soko. Gamboti ziko hapo kando ya meza, jozi mbili, nambari tisa na nambari kumi. Katibu alikukadiria kwa macho kutoka kwenye picha zako.