Kwa nyinyi mnaokaa kwa ile ofisi ya ushauri nasaha: msikubali kugeuzwa kiboko

Wanangu, hamjambo.

Nimeskia kuna wengi wenu mmeanza kazi muhula huu kwa shule za serikali hapa Nairobi, wengine mmetoka chuo na digrii ya saikolojia mko atachimenti, wengine ni walimu wa hesabu ama wa dini mliitwa tu kwa deputi mkapewa funguo mkaambiwa kuanzia leo wewe ndio kaunsela wetu, na lesoni zako zote ziko palepale kwa taimtebo, hakuna hata moja imepunguzwa. Mimi nimefanya hiyo kazi Eastlands zaidi ya miaka ishirini kabla nistaafu. Siwezi kuzunguka shule zote kuwasalimia ndio maana naandika mbele ya watu wote, na wazazi na mahedi ticha wakisoma pia ni sawa, kuna mahali inawahusu.

Nianze na kosa langu sababu mengine yote ninayowaambia yalitoka hapo.

Ilikuwa 1998, shule siitaji. Kulikuwa na kijana wa darasa la saba, mtu wa kimya, alikuwa anakuja saa ya breki anasimama tu mlangoni, mkono mmoja umeshika kitasa, sweta ameivuta mpaka imefunika vidole. Siku tatu alisimama hivo akaenda. Siku ya nne akaingia akaniuliza, "Ticha, nikikuambia kitu hautaambia mtu?" Nikamwambia siambii mtu. Akaniambia mama yake anauza chang'aa nyumbani, ile nyumba ya chumba kimoja, usiku wateja wanakalia kitanda chake mpaka saa saba saa nane, yeye analala chini ya meza amekumbatia kitabu kisije kikamwagiwa, na kuna mzee mmoja akishalewa anampiga mateke anasema ni mchezo. Mimi nikaskia uchungu, haki, na huo uchungu nikaenda nao stafrumu nikamwambia mwalimu mwenzangu mmoja tu tukinywa chai, na sikuwa nasengenya, nilikuwa namhurumia mtoto. Hiyo ni Jumatatu. Alhamisi asubuhi kijana akachelewa kuingia laini ya paredi, mwalimu wa zamu akamwita mbele ya shule nzima, "Wewe mtoto wa mama pima, unadhani hapa ni kwenu kwa walevi?" Watoto wakacheka. Yeye hakumwangalia huyo mwalimu. Aliniangalia mimi.

Hakurudi tena kwa mlango wangu, na muhula uliofuata jina lake halikuwa kwa rejista.

Nimekaa na hiyo kitu miaka mingi na nimeona nilikosea mara mbili. Ile chai ya stafrumu kila mtu anaiona ni kosa. Lakini hata ile ahadi ilikuwa kosa, sababu mtoto anayepigwa usiku na mlevi huwezi kumwambia siambii mtu, lazima kuna mtu ataambiwa ndio mtoto alindwe, na mimi nilimwahidi kitu sikuwa na uwezo wa kumpa alafu yale maneno nikayapeleka kwa mtu asiyeweza kumsaidia hata kidogo. Baada ya hapo kila mtoto akiketi, kabla aseme lolote, nilikuwa nasema hivi, na nyinyi mnaweza kuyachukua kama yalivyo: "Utakayoniambia yanabaki hapa. Lakini kama kuna mtu anakuumiza, ama unataka kujiumiza, ama unataka kuumiza mtu, hiyo siwezi kukaa nayo peke yangu, na kabla niende kumwambia mtu yeyote nitakuambia wewe kwanza ni nani na kwa nini." Semeni polepole, kwa Sheng kama ndio lugha yake. Mtaogopa kwamba mtoto akiskia hivo atafunga mdomo. Wachache wanafunga, ndio, wanaenda wanafikiria wiki moja mbili, alafu wanarudi, na wakirudi wanajua wanarudi kwa nini.

Sasa hii maneno ya kiboko. Lazima mjue mlikalishwa kwa kiti gani. Kiboko kilipigwa marufuku 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikakazia kwamba mtoto haadhibiwi kwa kupigwa wala kunyanyaswa kiakili. Mimi nilifurahi. Lakini walimu wenzangu walinyang'anywa kiboko bila kuonyeshwa cha kufanya badala yake, na Januari 2003 elimu ya bure ikaingia, madarasa yakajaa mpaka watoto wanaandikia mapajani, na mwalimu mwenye watoto themanini na zaidi mbele yake akishindwa na mmoja anafanya nini? Anamtuma kwa kaunsela, na anamtuma na ile sauti ileile alikuwa anaitumia kumpeleka akachapwe. Nakumbuka benchi nje ya ofisi yangu, watoto wamekaa wamejikunja mikono imefichwa kwapani kama watu wanaongoja kuchapwa viganja. Hakuna mtu angewapiga mle ndani na bado miili yao ilikuwa inajua hapo ni pa kuadhibiwa. Mtoto mwenye shida yake hawezi kujipeleka mwenyewe kwa mlango kama huo akaonekana na darasa lote.

Hata saa hii hali ni hiyohiyo. Deputi atakuletea kijana na karatasi, "Huyu anajua nani alivunja madirisha ya leba, mtoe ukweli." Usimtoe. Wewe si afande. Mwambie deputi kwa heshima, na umwambie pembeni si mbele ya mtoto, "Mwalimu, hiyo ya madirisha iko kwako na nitaheshimu utakachoamua, mimi nitakaa na kijana nione anaendeleaje." Atakasirika mara ya kwanza na ya pili. Mimi niliwahi kukaa muhula mzima deputi hanisalimii. Alafu siku moja yeye mwenyewe akanifuata jioni shule imetulia, shida ilikuwa kwa nyumba yake, na alinifuata sababu ameshaona mwaka mzima kitu ikiingia kwa hiyo ofisi haitembei.

Na msifikiri ni mambo madogo. Mwaka huohuo wa 2001, mwezi wa tatu, bweni lilichomwa shule ya Kyanguli kule Machakos, wavulana 67 wakafa. Sisemi kaunsela angezuia, nisije nikaumiza wazazi ambao mpaka leo wanaomboleza. Nasema kwa miaka yangu yote ya kazi, kila shule ikitaka kulipuka kuna mtoto alijua mapema, na huyo mtoto huwa anahesabu watu wazima wote kichwani mwake, nikimwambia huyu itakuwaje, nikimwambia yule itakuwaje, na unataka akifika kwa jina lako asiruke.

Kitu ingine, kabla uanze kutafuta ugonjwa kwa akili ya mtoto, uliza kama anaona ubao. Nasema kabisa. Nililetewa msichana wa darasa la tano, barua inasema ni mvivu, ni mwongo, anaibia majibu kwa jirani. Nikamkalisha nikampa gazeti asome, akalileta mpaka karibu liguse pua. Basi. Miaka mitano shuleni na hakuna mtu alikuwa amegundua, sababu kwa darasa limejaa hivyo aliye nyuma ni kichwa tu. Aliponunuliwa miwani kwa mchango wa kanisa aliangalia nje ya dirisha akaniuliza kama ule mti umekuwa na majani mojamoja siku zote. Macho, masikio, usingizi, njaa. Kwa masikio na kwa watoto wanaochelewa kujifunza kuna vile vituo vya EARC, viko tangu 1984, kazi yao ni kupima watoto, kwa hivyo andikieni mzazi barua aende na mtoto, na kama mnaweza mwende naye, sababu mzazi anayefua nguo za watu kwa siku akipoteza siku moja amepoteza chakula cha siku hiyo.

Na njaa mnaijua. Siku hizi afadhali kuna chakula cha kaunti, mtoto ana ile bangili ya kulipia, anagusisha inakatwa shilingi tano anapewa sahani. Majuzi nimetembelea mwalimu mmoja rafiki yangu nikakaa naye saa ya lanchi, tukaona mvulana mdogo anakula nusu, anaangalia huku na huku, ile nusu ingine anamimina kwa mkebe wa majarini anafunika anaweka chini kabisa ya begi. Mwalimu wa darasa alikuwa ameandika kwamba anasinzia mchana na hana adabu akiamshwa. Mkebe ulikuwa wa mdogo wake wa miaka mitatu. Walihama kutoka ukingo wa mto Mathare baada ya mafuriko ya 2024 na nyumba za ukingoni kubomolewa, na mama hajapata kibarua cha kueleweka tangu hapo. Huyo mtoto ukimfanyia vipimo vyote vya saikolojia vya dunia utapata nini? Anahitaji wapishi waambiwe taratibu wamwongezee kijiko, bila kumtangaza.

Najua ni wengi. Kule Marekani chama cha wanasaikolojia wa shule kinapendekeza mwanasaikolojia mmoja kwa wanafunzi 500, na hata wao sehemu nyingi hawafiki. Mimi nilikuwa na watoto zaidi ya elfu mbili na lesoni ishirini na nne kwa wiki. Sheria yetu ya washauri na wanasaikolojia ilipitishwa 2014, iko kwa karatasi, lakini shuleni bado kaunsela anachaguliwa kwa sababu ni mama mpole ama anaimba kwaya. Nyinyi mliosoma hiyo kazi endeleeni kuipigia kelele serikali iwaajiri kwa cheo chenu, na nyinyi mliopewa kwa sababu ya upole, ombeni kusomeshwa, msione haya.

Faili zenu zikae kwa kabati yenye kufuli na funguo ukae nayo mwilini. Usiandike jina la mtoto juu ya faili, weka namba.

Kuna kesi ambazo hakuna kungoja. Mtoto akikuambia ananajisiwa, awe ni mwalimu, baba wa kambo, mtu wa boda, TSC, ile tume inayoajiri walimu, ilishasema tangu 2010 mwalimu anayejua anaripoti ndani ya masaa ishirini na nne, na kuna Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006. Mtaona wazee wanakuja wamevaa makoti, wanaketi na mzazi, wanaongea mbuzi na pesa, wanakuita wewe mwalimu ukae nao muyamalize. Usikae. Hata prinsipo akikuambia jina la shule litaharibika, usikae. Afisa wa watoto, polisi, hospitali ndani ya siku tatu ndio dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi zifanye kazi, na mapema zaidi ni bora zaidi. Mtoto asioge kwanza.

Na mtoto anayetaka kujiua, muulize kwa hayo maneno yenyewe, "Umefikiria kujiua?" Tulifundishwa na wazee wetu kwamba kutaja ni kuita. Hapana. Nimeuliza watoto wengi na ninachokumbuka ni vile mabega yalikuwa yanashuka, sababu hatimaye mtu mzima amelisema yeye hana haja tena ya kulitafutia njia. Usimwache peke yake, ita mzazi, mwende hospitali ya Mathari ama ya Kenyatta. Zamani wazazi walikuwa wanaficha, wanaogopa mtoto atashtakiwa, lakini Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kile kifungu cha 226 kinachofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai kinakiuka katiba. Waambieni wazazi hivo, wengi hawajaskia.

Nyinyi wenyewe mpate mtu wa kuongea naye, kaunsela mwenzako wa shule ingine, mkutane hata mara moja kwa mwezi, bila kutaja majina ya watoto. Mimi sikuwa naye na nilirudi nyumbani nikawa mkali kwa wanangu wa kuzaa, wamekua, tumeongea, wamenisamehe.

La mwisho ni likizo. Aprili, Agosti, Disemba, ofisi imefungwa na mtoto yuko ndani na yule mtu. Wiki ya mwisho ya muhula pitieni kila darasa muwafundishe namba 116, ya kusaidia watoto, ni ya bure hata simu haina kredo. Msiwape kwa karatasi, karatasi inapatikana mfukoni na mtu akifua nguo. Wafundisheni kwa mdomo, darasa lote pamoja ndio asijulikane nani anaihitaji, moja moja sita, moja moja sita, mpaka yule mdogo wa gredi ya kwanza aliyekaa mbele aweze kuisema akiwa anaangalia nje.

Ni mimi mama yenu, mwalimu mstaafu,
Nairobi