Mgeni wa Lowell asiishie madukani

Mhariri,

Makala yenu ya matembezi ya Boston nimeipenda, ila mwandishi ameisahau Lowell, mji ulio kama dakika 45 kwa treni kutoka North Station, stesheni ya Boston. Wakenya tumejaa huku. Hata hivyo, akija mama kwenye mahafali au mjomba kutusalimu, tunampakia garini moja kwa moja hadi Nashua, New Hampshire, kwa kuwa huko hakuna kodi ya mauzo. Anarudi kwao na masanduku ya viatu, mto Merrimack unaopita mjini kwetu hajauona.

Tuwapeleke Boott Cotton Mills. Ni kiwanda cha nguo cha karne ya 19, sasa makumbusho ndani ya hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1978. Chumba cha kufumia kina mitambo 88. Ikiwashwa hata michache tu, sakafu inatetemeka na hamsikilizani. Katika viwanda vya mji huu mabinti wa mashambani walifanya kazi zaidi ya saa 70 kwa wiki. Waligoma mwaka 1834 walipopunguziwa ujira, wakagoma tena 1836. Pamba yenyewe ilitoka Kusini mwa Marekani, imelimwa na watumwa.

Nasi tumo katika habari hiyo. Merikani, kitambaa cha pamba walichovaa babu zetu wa pwani, na ambayo misafara iliibeba kama fedha hadi Tabora na Ujiji, ilifumwa katika viwanda vya Massachusetts ikaletwa Unguja na merikebu za Salem, bandari ya jimbo hilo hilo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vilivyoanza 1861, ndivyo vilivyoivuruga biashara hiyo. Bibi wa Mombasa akisimama mbele ya mitambo ile, atakuwa na maswali ambayo mwongozaji hajazoea kuulizwa.

Baadaye mpandisheni mashua, msimu wa joto ukifika. Mifereji ya mji ina karibu kilomita 9, na maji ya mto yanayoporomoka takriban mita 10 kwenye maporomoko ya Pawtucket ndiyo yaliyoendesha viwanda vyote. Nyumba alikozaliwa mchoraji Whistler ipo pia. Mimi sioni haraka nayo. Chakula kaleni kwa Wakambodia, ambao ni wengi mno hapa, na supu yao ya tambi haina mfano.

Mwisho wa Julai kuna tamasha la muziki wa asili, bila kiingilio. Ulizeni tarehe kabla ya kumkatia mgeni tiketi ya ndege.

Msomaji wenu,
Lowell, Massachusetts