Viraka vya uthabiti navyo visisubiri

Mhariri,

Nasimamia seva mbili za OpenBSD, mfumo endeshi wa kompyuta, na naumia nikisikia wenzangu wakisema viraka (marekebisho ya programu) vya usalama ndivyo vya haraka, vya uthabiti, yaani vya kuzuia mfumo usianguke, vitangoja. Mwaka jana niliahirisha kimoja cha uthabiti. Kerneli, yaani kiini cha mfumo, ikaanguka usiku wa manane, mashine ikasimama tuli ikisubiri mtu, na barua pepe za watu zikakwama hadi asubuhi.

Tangu toleo la 6.1 la mwaka 2017 kuna amri moja tu ya kuweka viraka, syspatch. Kiraka cha mwisho kikileta shida, syspatch -r hukiondoa. Kikigusa kerneli, washa mashine upya. Hapo ndipo wengi husahau! Na kila toleo hutolewa viraka kwa takriban mwaka mmoja. Wenzangu, tafadhali, kagueni lenu leo.

Msimamizi wa seva