Medali ya Goldie Sayers ilichelewa miaka 11

Ndugu Mhariri,

Habari za dawa zilizopigwa marufuku michezoni zinapochapishwa, jina linalobaki vichwani mwetu ni la aliyenaswa. Naomba nafasi nimtaje aliyedhulumiwa.

Agosti 2008, katika Olimpiki ya Beijing, Mwingereza Goldie Sayers alirusha mkuki mita 65.75, rekodi ya taifa lake, akamaliza wa nne, sentimita 38 tu nyuma ya aliyepewa shaba, umbali unaozidi kidogo rula ya mwanafunzi. Nafasi ya pili ilishikwa na Mariya Abakumova wa Urusi, ambaye sampuli yake iliyohifadhiwa ilipopimwa upya ilikutwa na turinaboli, dawa iliyopigwa marufuku ya kujenga misuli, na mwaka 2016 akavuliwa medali ya fedha. Sayers alistaafu mapema mwaka 2017. Shaba yake alivishwa London mwaka 2019.

Mimi hufundisha vijana kurusha mkuki, na najua jinsi bega na kiwiko vinavyochakaa, hata miaka mizuri ya mrushaji ikahesabika kwa vidole. Katika miaka hiyo michache ndipo mdhamini humtafuta mwenye medali, wala si wa nne. Wimbo wa pongezi uwanjani, mbele ya waliokuwepo siku ile, haupigwi mara ya pili.

Ombi langu kwa gazeti lako ni kwamba matokeo yanaporekebishwa, yachapishwe kwa uzito uleule waliopewa washindi waliotangazwa awali, pamoja na picha ya mwanamichezo aliyerudishiwa haki yake.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa michezo, Eldoret