Barua ya wazi kwa Gavana wa Saint Petersburg: simba wa Daraja la Benki

Mheshimiwa Gavana,

Nakuandikia kutoka Dar es Salaam kuhusu daraja dogo la waenda kwa miguu juu ya mfereji wa Griboyedov, Daraja la Benki. Nilisoma uchumi katika jengo la nyuma yake, lililokuwa benki ya noti enzi za wafalme. Kwa miaka mitano nililivuka asubuhi na jioni, jiji likiitwa bado Leningrad.

Kila pembe ya daraja amekaa simba mwenye mabawa ya dhahabu, taa juu ya kichwa. Wapita njia hupiga picha, humsugua mguu wakiomba bahati ya pesa, wakaenda zao. Mimi mwenyewe ulipita mwaka mzima ndipo nikaona alichokishika kinywani: mnyororo. Simba wa huku ameung'ata, wa ng'ambo ameung'ata, na minyororo miwili ya namna hiyo ndiyo iliyobeba njia yote. Mhandisi Wilhelm von Traitteur na mchongaji Pavel Sokolov, mwaka 1826, walificha nguzo za kuishikilia ndani ya miili ya simba, iliyosubiwa kwa chuma.

Traitteur huyohuyo alishiriki kujenga Daraja la Misri, nalo la minyororo, juu ya mto Fontanka wa jiji hilohilo. Mwaka 1905 lilianguka kikosi cha wapanda farasi kikipita. Sanamu zake za sphinx, mnyama mwenye mwili wa simba na kichwa cha mtu, zipo hadi leo, zimewekwa kwenye daraja jipya la jina hilohilo.

Najua simba hawa walishushwa mwaka 2017, wakatengenezwa, wakarudi mwaka 2019. Ahsanteni sana kwa kazi ile. Lakini niliporudi kutembea nilimkuta kijana amempanda mmoja mgongoni, kiatu juu ya bawa, mwenzake akimpiga picha. Aliposhuka, dhahabu ilikuwa na mkwaruzo mrefu kama shubiri. Nilimwonyesha mnyororo. Akaufuata kwa macho mpaka ng'ambo, akaondoa mkono wake taratibu. Hakuwa amejua.

Kwa hiyo naomba, usiwazungushie uzio. Njia yenyewe ni nyembamba, na simba hawa wanapendeza kwa kuwa wako karibu. Weka kibao kila upande, kwa Kirusi na lugha za wageni, chenye mchoro wa simba aliyepasuliwa katikati, mtu aone mnyororo unavyoingia mdomoni na kinachoushika mle ndani. Kiwe kwenye kimo cha macho, maana theluji ya Januari huweza kukifunika kilicho chini.

Wasalaam,
Mwanafunzi wenu wa zamani